Nani Alifunga Koki ya Banda

Lake Worth, Florida
15 Novemba 1981

Kwa Dada Lempi,

Mnaendeleaje huko kwenye baridi? Sisi tumefika salama, mimi na shemeji yako Reino, ingawa njia nzima mgongo wake ulikuwa unalia kuliko injini. Huku jua linawaka mpaka linaudhi. Nakuandikia nikiwa barazani, miguu mitupu, Novemba hii! Wafini wenzetu wamejaa mtaa mzima kama kila mwaka. Jana kanisani nimekutana na watu wa Ely wengi kuliko unaokutana nao wewe hukohuko Ely. Mchungwa wa nyuma umezaa, nitawatumia sanduku. Mama je? Miguu inamsumbua? Anakula?

Sasa nisikilize, narudia nililokuonyesha siku ya kuondoka. Safari hii maji ya nyumbani kwangu sikuyafunga. Nimeyaacha kwa ajili ya Mama, ili Jumamosi umlete apate sauna yake, lile bafu la mvuke, kule nyuma ya banda la gari, maana kwako hamna. Unajua bomba linapita kwenye ukuta wa nje wa banda, kwa hiyo nimeiacha koki ya sauna ikidondoka kidogo kidogo. Maji yanayotembea hayagandi. Usiifunge, Dada. Hata ikikukera vipi, usiifunge. Bomba likiganda litapasuka, na mtambo wa Mama wa kufumia mazulia uko mlemle bandani.

La pili. Mimi na Reino tumezungumza. Mama amekaa kwako tangu Baba afariki, na mimi nimekuwa mtoto wa kiangazi tu. Vuli ijayo tunataka tushuke naye huku. Chumba kipo, dirisha lake linatazama bustani. Najua kila baridi anakaa kitini ananingoja. Usinijibu kwa hasira, lifikirie kwanza.

Mdogo wako,
Irja


Ely, Minnesota
6 Desemba 1981

Mdogo wangu Irja,

Barua yako imefika na mchanga ndani ya bahasha. Ahsante kwa mchanga. Sisi hatujambo. Theluji imefika dirishani, naipiga sepetu asubuhi, jioni imerudi kana kwamba sikufanya kitu. Machungwa tumeyapata, mawili yalikuwa yameoza, mengine matamu. Mama hajambo, anakula, miguu ileile.

Kila Jumamosi namleta kwako kama ulivyoagiza. Nawasha moto wa sauna, namsugua mgongo, namkausha, namvalisha, namnywesha kahawa na mkate wa iliki niliouoka kwa mikono yangu. Akishashiba unajua anasema nini? "Mungu ambariki Irja." Makubwa haya! Mgongo nisugue mimi, baraka zipande gari ziende Florida. Nasema waziwazi kwa kuwa wewe si mgeni: roho inaniuma. Iliniuma hivyo hivyo alipokupa wewe ule mtambo, wewe ambaye hujapata kufuma hata kitambaa cha kufutia vumbi. Ukaupeleka bandani ukakae na matairi. Mimi niliyekaa naye pembeni tangu mdogo, nikimpasulia matambara, nikifuma naye zulia baada ya zulia, nilipewa mkasi.

Koki yako inadondoka. Ti, ti, ti, mpaka kichwa kinagonga, lakini sijaigusa.

Lile la vuli sikulisoma vizuri. Mwandiko wako mbaya.

Dada yako,
Lempi


Lake Worth
24 Januari 1982

Dada,

Natumaini wewe na Mama ni wazima. Sisi wazima, Reino anakusalimu. Salamu zimekwisha.

Hivi ilikuwa lazima nisikie kwa Wilho fundi bomba? Kanipigia simu juzi akidhani mwenzake nimeshajua! Bomba la bandani limepasuka, maji yamemwagika hayana mwenyewe, yakaganda, banda zima limekuwa uwanja wa kuteleza. Mbao za ukuta zimevimba. Mtambo wa Mama umesimama ndani ya barafu mpaka magotini na nguzo zake mbili zimepasuka. Na mimi niko huku nakamua machungwa, sina habari!

Nikakupigia. Ukaniambia "Mama amelala," ukakata simu. Mchana kweupe! Mama ambaye tangu nimezaliwa sijamwona akilala mchana, hata alipokuwa na homa.

Wilho amesema jambo moja ambalo halinitoki kichwani. Koki ya sauna aliikuta imefungwa. Hakusema imeganda, alisema imefungwa, imekazwa mpaka mwisho.

Nilikuomba jambo moja tu, Lempi. Mapazia sikukuomba, maua sikukuomba, theluji ya mlangoni sikukuomba. Nani alifunga koki?

Irja


Ely
7 Februari 1982

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Baridi imepoa, leo ni nyuzi ishirini tu chini ya sifuri na watu wanatembea bila kofia. Paka wa jirani kazaa ndani ya kapu langu la nguo chafu. Mama hajambo.

Nilitaka kukuandikia nikakosa kalamu. Haya, nilikosa moyo. Wiki ile nyuzi zilishuka arobaini chini ya sifuri, usiku na mchana, hata magari yaliyowaka yalikwenda yakiruka-ruka kwa tairi zilizoganda upande mmoja. Hatukutoka ndani. Jumamosi iliyofuata nikafungua mlango wa banda lako, nikapiga hatua moja, nikaanguka kwa makalio. Hata pole sijaipata.

Na kwa kuwa unatafuta mwenye kosa, tuanze mwanzo wa kamba. Nani alipitisha bomba kwenye ukuta wa nje? Shemeji Reino, kwa uvivu wa kuchimba sakafu. Marehemu Baba alimwambia, akacheka. Nani aliondoka Novemba bila kufunga maji na kuyamwaga yote yaliyomo kwenye mabomba, jambo ambalo mtoto wa Ely analijua kabla hajajua kusali? Wewe. Ukaiweka nyumba nzima chini ya ulinzi wa matone, ukaenda kuota jua. Halafu mimi niliyebaki na theluji ndiye ninayehojiwa.

Sikuifunga mimi. Mungu ananiona. Usiniulize tena.

Mtambo nimeulilia. Nimeipasua ile barafu kwa shoka, kidogo kidogo nisiuguse mti, mpaka vidole vikafa ganzi. Na nilipokuwa naipasua niliwaza: ungekuwa kwangu ungekuwa mzima, na ungekuwa na zulia juu yake. Nimewaza hivyo na sitatubu.

Lempi


Lake Worth
21 Februari 1982

Dada Lempi,

Mimi sijambo. Reino kaanguka kwenye mchezo wa wazee wa kurusha vijiti, anachechemea, anajiona shujaa. Pole kwa kuanguka. Nasema pole ya kweli.

Watu wa bima wameniandikia. Wanauliza nyumba ilikuwa inaangaliwa na nani, na nani alifunga koki. Sijawajibu, kwa hiyo nimekaa nikapiga hesabu ambayo wewe hutaki niipige.

Ufunguo unao wewe. Walioingia mle bandani ni wawili, wewe na Mama. Wewe unaapa kwamba si wewe. Basi ni Mama. Na kama ni Mama, kuna mambo umenificha. Mama alikuwa amesimama hapohapo mlangoni nilipokuonyesha ile koki, alisikia kila neno. Kama ameifunga, na siku hizi analala mchana, na nikipiga simu hapewi, basi Mama hajui tena anachofanya. Mtu wa hali hiyo hawezi kukaa na mjane peke yake, ghorofa ya juu, ngazi za nje zimejaa barafu. Anahitaji watu wawili na daktari wa karibu, na mimi ninavyo. Sitangoja vuli. Nikirudi Aprili namchukua, anakaa kwangu mpaka tushuke naye.

Na kama si Mama, basi ni wewe, na sababu tunaijua sote wawili. Chagua moja uniambie.

Irja


Ely
2 Machi 1982

Irja,

Hatujambo. Mama hajambo.

Ni mimi. Niliifunga koki mimi, kwa mkono huu ninaoandikia, kwa wivu. Nilichoka kusikia maji yako yakidondoka. Nilipoapa kwamba si mimi nilikudanganya. Waandikie watu wa bima jina langu kwa herufi kubwa. Ukipenda litangaze na kanisani, nusu ya hao wazee wako wananijua.

Mama hakugusa kitu. Mama ana akili kutuzidi mimi na wewe. Mwache alipo.

Lempi


Lake Worth
15 Machi 1982

Dada,

Salamu nyingi kwa Mama. Mwambie nimemnunulia kitambaa cha shingoni, nimekitia kwenye posta leo, cha maua mekundu kama anavyopenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya tatu nilifurahi, Mungu anisamehe. Ndiyo, nilifurahi! Maisha yangu yote naambiwa Lempi ndiye mwema. Lempi amebaki, Lempi anatunza, Lempi hajamwacha mama yake. Mimi ni yule wa machungwa. Nikiingia kanisani hapa, mtu wa kwanza ananiuliza, "Dada yako hajambo? Mtu wa watu yule." Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Sasa na mimi nina la kuwajibu.

Unadhani roho inakuuma wewe peke yako? Mtambo! Umehesabu mtambo miaka yote, hujahesabu ulichonacho. Mtu wa kwanza Mama anayemwona asubuhi ni wewe. Akikohoa unamsikia. Unajua leo amekula nini. Mimi naletewa "hajambo, anakula" kwa stempu, kama jirani. Ningekupa mtambo, na banda, na Florida nzima na jua lake, nikae jikoni kwako wiki moja nisikie analalamika kahawa nyepesi.

Reino naye amesoma barua yako. Aliivua miwani, akaniambia, "Lempi hawezi kuuweka mtambo ule kwenye maji. Angekata mkono wake kwanza." Nikamwambia anyamaze, ya ndugu hayamhusu. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri.

Tunafika wiki ya Pasaka, na Jumamosi inayofuata naja kwako. Mfungashie Mama nguo zake.

Irja


Ely, nyumbani kwangu
20 Aprili 1982

Dada yangu Lempi,

Kutoka hapa mpaka kwako ni mwendo wa kupiga mluzi, na bado nakuandikia barua. Ana kwa ana nitalia, nawe utaniambia niache upuuzi. Bandani kumekauka. Reino amebomoa ukuta, anahamishia bomba ndani, anaulaani kila msumari na kusema Baba mkwe alikuwa sahihi. Amechelewa, lakini amesema.

Nataka nikueleze nilichokiona Jumamosi, maana wewe muda wote ulitazama pembeni.

Nilipanda zile ngazi na maneno yangu nimeyapanga mstari. Mama alikuwa kitini dirishani, nywele zimesukwa vizuri, nguo imepigwa pasi, kitambaa changu chekundu shingoni. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mama, nimerudi." Akanitazama kwa heshima. Lempi, ilikuwa ile heshima anayowapa wauzaji wa vitabu vya dini. Akanishika mkono, akasema karibu, akageukia jikoni akaita, "Irja! Njoo umpe mgeni kahawa."

Nawe ukaitika, "Abee, Mama." Hukusita wala hukushtuka. Uliitika kama mtu aliyeitikia jina hilo majira yote ya baridi, ukaja na birika, ukanimiminia.

Nilikwenda kuosha vikombe ili nisilie mbele yake. Nikayaacha maji yatiririke, nimesimama tu. Akaja na mkongojo wake, akanisukuma kwa kiwiko, akaikaza koki kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ikamsimama. Akaning'akia: "Wewe kwenu hamna adabu? Maji yanatekwa kwa ndoo, kwenye theluji, hayachezewi!" Kisha akarudi kitini akatulia kabisa. Wewe ulikuwa umefumba macho.

Basi nikajua nani alifunga koki, na nikajua kwa nini ulijisingizia. Uliona bora nikuchukie wewe kuliko nimchukue yeye. Nimewaandikia watu wa bima leo asubuhi: maji niliyaacha mimi, bomba alilipitisha mume wangu, hakuna mtu mwingine wa kuulizwa. Wakilipa, walipe. Wasipolipa, tutabeba wenyewe.

Sitamchukua, Dada. Nguo zake zitoe kwenye sanduku uzitundike. Ile aibu ya kufikiri nilikuwa na haki ya kukuchagulisha nitaibeba mwenyewe, na nikikuta njia ya kukuomba radhi kwa mdomo nitakuomba.

Lakini kuna jambo hukulisikia, kwa sababu ulishuka kuchukua kuni, na nimekaa nalo siku tatu nikijiuliza nikwambie au nilimeze. Nilitaka kulimeza. Nakiri, ni wivu.

Ulipotoka nilimuuliza, nikijifanya mgeni kweli: "Mama, una watoto wangapi?" Akasema wawili wa kike. "Huyu Irja wangu unamwona, hanipi shida, ananilea vizuri." Nikamuuliza na mwingine je. Uso wake ukabadilika, Lempi. Akakishika kile kitambaa cha shingoni, akakinyoosha kwenye goti lake kwa vidole, akakinyoosha tena.

"Lempi," akasema. "Lempi yuko mbali, huko kwenye joto. Ndiye tuliyekuwa tunafuma naye. Yeye ndiye aliyeyajua mazulia, huyu mwenzake hajui kitu. Sijui kwa nini haji. Kila nikisikia mtu kwenye ngazi nadhani ni yeye."

Na alisema ndiyo maana anakaa pale dirishani.

Nilikuja na gari kumfuata mama anayeningoja mimi. Hakuna anayeningoja mimi, Dada. Mimi nimeshafika zamani, niko jikoni kwako nampikia kahawa. Anayengojwa ni wewe. Nilikaa pale nimeshika kikombe, nikakuonea wivu.

Irja